Wiki Sita Bila Kupiga Hodi

Kituo kizima kilimwita Hodi, na jina hilo halikuwa la utani hata kidogo. Kila kituo cha polisi kina watu wa shughuli zake. Yupo wa kufungua kufuli iliyogoma. Yupo wa kubembeleza walevi mpaka wakapanda gari wenyewe wakiimba. Yupo mwenye mwandiko mzuri, kila ripoti ya kwenda makao makuu lazima ipite kwake. Na pale kituoni kwao alikuwepo yeye, sajini wa ajali za barabarani, mtu wa kupeleka habari za msiba. Mtu akigongwa na gari akafa, au akiangukiwa na ukuta kazini, lazima askari aende nyumbani kwa ndugu zake, asimame mlangoni, abishe hodi, aseme. Aliyekwenda alikuwa ni Hodi.

Usidhani aliteuliwa kwa kikao. Mara ya kwanza alikwenda kwa sababu alikuwa mgeni na wakubwa zake walikuwa wanakwepa, huyu tumbo linamuuma, yule kiatu kinambana. Aliporudi wakamuuliza imekuwaje, naye kwa ugeni wake akajibu, "Imekwenda vizuri." Hapo ndipo alipojimaliza. Ukisema kazi ngumu imekwenda vizuri mbele ya watu wanaoikimbia, jua umeshapewa hiyo kazi mpaka utakapostaafu. Ilipita miaka kumi na saba, na bado walikuwa wanamtuma.

Lakini tuseme ukweli, aliiweza. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakufundishwa na mtu. Kofia aliivua kabla ya kubisha, siyo baada ya kufunguliwa. Jina la mwenye nyumba aliliuliza mara mbili, maana kuna siku askari mwingine aliliza familia isiyohusika. Akishaingia aliuliza kama kuna kitu kwenye moto, akaomba kizimwe, kwa kuwa aliwahi kuona sufuria iliyosahauliwa ikitaka kuteketeza nyumba ya wafiwa. Aliuliza nani mwingine yumo ndani. Aliomba watu wakae. Halafu akasema kwa sentensi moja fupi, na neno lake lilikuwa "amefariki". Hakusema "hali si nzuri", hakusema "twende hospitali kwanza", kwa sababu mtu ukimwachia kijitundu cha matumaini atachungulia hapo siku nzima. Baada ya hapo alinyamaza, akabaki nao mpaka afike ndugu au jirani wa kuwashika mkono. Hakuwahi kuangalia saa mbele ya mfiwa, na hilo pekee wangapi wanaliweza?

Kota za polisi zilikuwa nyuma ya kituo, nyumba za matofali zilizobanana, kuta nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya jirani anakutakia afya. Kule utaratibu wa Hodi ulijulikana na kila mtu. Wake wa askari walikuwa wanataniana kisimani, "Shoga, Hodi akikuvulia kofia, kimbia usisubiri hotuba." Walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kile cha kupunguza woga.

Mwenyewe alikuwa pande la mtu, kifua mbele, sauti ya chini iliyotulia, bingwa wa drafti asiyependa kushindwa hata na watoto. Ukimuuliza anaifanyaje kazi ile na bado anakula akashiba, alikuwa na jibu lake moja alilolipenda sana: "Nikivua sare nimevua kila kitu." Alilisema kwa kujiamini mpaka unamwamini. Mkewe tu ndiye ambaye hakuwahi kuliitikia.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule chumba cha mbele, mashati yamerundikana mpaka kwenye kochi, sindano mdomoni, na macho yake yaliona kila kitu bila kuinuka kwenye kitambaa. Aliona mumewe ameacha drafti. Aliona analala kwa muda wa saa tatu tu, halafu anaamka kwenda kuhakikisha komeo la mlango, anarudi, anakwenda tena. Aliona simu ikilia mtu mzima anakakamaa, kijiko kimesimama njiani. Binti yao mkubwa alikuwa chuo cha uuguzi, mji mwingine, na baba yake alikuwa anampigia mara nne kwa siku. Amefika? Amevuka barabara upande gani? Dereva alikuwa mwendo wa kasi? Mtoto wa watu akachoka, akaanza kujibu kwa ujumbe wa maneno mawili. Mkewe akimgusia, jibu lilikuwa, "Uchovu tu, mama. Nikipata likizo litaisha." Likizo ikaja, ikaisha, uchovu ukabaki palepale.

Sasa sikiliza lililotokea, maana hili hawezi kulifanya mtu yeyote isipokuwa askari, tena askari huyuhuyu.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. Mkuu wa kituo alimwita ofisini, akampa mkono, akamkabidhi barua: kuanzia siku hiyo yeye ni stafu sajini, miezi mitatu ya majaribio, halafu cheo kinathibitishwa. Alikuwa amekisubiri miaka sita. Alitoka pale ofisini anataka kupaa. Hakupitia kantini, hakumwambia mtu, alikata moja kwa moja nyuma ya kituo kwenda kwake, maana alitaka mkewe awe wa kwanza kujua. Kutoka ofisini mpaka mlangoni kwake ni kama dakika nne kwa miguu, na dakika zote nne alikuwa anatabasamu peke yake. Jirani mmoja alimwona na kuapa baadaye kwamba alikuwa anatabasamu.

Alipofika mlangoni, akasimama. Mkono ukapanda wenyewe, ukavua kofia.

"Mama," akasema, kwa ile sauti ya chini. "Kuna kitu jikoni kwenye moto?"

"Maharage," mkewe akajibu, mguu bado unakanyaga cherehani.

"Kazime, halafu njoo ukae. Nani mwingine yumo ndani?"

Cherehani ikasimama. Mwanamke yule alikuwa mke wa polisi kwa miaka ishirini na mmoja. Aliinua macho akaiona kofia mkononi, akamwona mumewe amesimama kizingitini, mabega yameshuka, uso umetulia kama uso wa mtu anayejua jambo. Hakwenda jikoni wala hakukaa.

"Mtoto wangu," akasema. "Mtoto wangu amepatwa na nini?"

Alianguka kati ya mashati, akapiga ukunga ambao ulitoa watu kota nzima, wenye mapovu ya sabuni mikononi na wenye kanga kifuani. Na Hodi, mtaalamu wa milango ya watu, alibaki amesimama na kofia yake haelewi kinacholiliwa ni nini. Sekunde kadhaa zilipita kabla hajaisikia sauti yake mwenyewe. Mbele ya majirani kumi na watano akasema, "Nimepandishwa cheo."

Ungefikiri hapo mambo yaliisha kwa kicheko. Hayakuisha. Mama wa watu hakukubali. Alisema wanamficha, alisema cheo ni kisingizio, anataka kumsikia binti yake. Wakapiga simu, haikupokelewa. Wakapiga tena. Dakika arobaini walikaa pale, mke ameikumbatia simu sakafuni, mume amepiga magoti pembeni hawezi kusema lolote la kuaminika, mpaka binti alipotoka darasani na kupiga mwenyewe, anashangaa, "Mama, mbona simu kumi na tisa?" Maharage yalikuwa yameshaungua mpaka chungu kikapasuka.

Jioni ile, majirani walipotawanyika, mkewe alinawa uso, akaketi mbele yake. Alikuwa ameshaacha kulia na sauti imemkauka.

"Ulipokuwa unakuja, ulikuwa na furaha?"

"Nilikuwa na furaha sana."

"Basi ndiyo sura yako ya furaha siku hizi, baba watoto. Sijui kama unaijua."

Hodi alikuwa anaijua sura hiyo kwa upande wa ndani tu.

"Mimi niliolewa na mtu anayecheka," mkewe akaendelea. "Huyu anayeniletea habari simtaki. Tafuta mtu wa kuzungumza naye, mtu wa kazi hiyo, siyo rafiki zako wa kantini. Na mpaka huyo mtu aseme uko sawa, usiende mlangoni kwa mtu. Ukienda hata mmoja, nakwenda kwa dada yangu na huyu mdogo. Sikutishi. Nakuarifu."

Huyu mdogo alikuwa binti yao wa darasa la tano, aliyejifanya amelala huku masikio yamesimama. Na Hodi alimjua mkewe. Hakuwa mtu wa kutishia kuondoka kila akikasirika. Katika miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kusema ataondoka, kwa hiyo alijua hili limeshapimwa na kukatwa.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kituoni kwao ilikuwa mtu akisikika anakwenda kwa mshauri wa mambo ya akili, kesho yake wanamuita "network imekata", kesho kutwa wanamnyang'anya silaha, wiki ijayo anahamishiwa stoo kuhesabu mabuti. Na yeye cheo chake kipya kilikuwa bado kibichi. Mkuu wa kituo akiandika mstari mmoja mbaya katika miezi ile mitatu, kinarudi kilikotoka. Alilala akiwa na cheo upande mmoja na mke upande mwingine, na alfajiri alikuwa ameshaamua. Cheo atakitafuta tena. Mke kama yule alijua hatampata.

Mshauri nasaha alikuwa hospitali ya serikali, chumba cha mwisho kwenye korido ndefu. Hodi alikwenda Alhamisi, amevaa miwani myeusi na kofia ya kushabikia mpira, kama mtuhumiwa anayetoroka dhamana. Alipowaona watu wawili anaowafahamu karibu na kile chumba, akakata kona akajipachika kwenye foleni iliyokuwa jirani. Ilikuwa foleni ya macho. Kabla hajajipanga akaitwa, akakalishwa, akafunikwa jicho moja, akasoma herufi zote mpaka mstari wa mwisho ambao hata muuguzi mwenyewe alikuwa anaukisia.

"Baba, macho yako ni mazima kabisa," muuguzi akamwambia. "Unasumbuliwa na nini?"

"Nimekosea mlango," akasema, akatoka.

Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, viatu vya chini, meza yake haina kitu ila jagi la maji na glasi mbili. Alimwacha aongee anachotaka, na Hodi akaongea habari za magari, za breki, za madereva wasiolala. Mwishoni akapewa kazi ya nyumbani: aandike yanayomsumbua, kurasa mbili tu. Kuandika? Alicheka kimoyomoyo. Kuandika ndiyo kazi yake.

Alhamisi iliyofuata alileta kurasa nne, mwandiko umenyooka. Zilianza hivi: "Mimi mwenye namba tajwa hapo juu, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, naeleza kwamba mnamo tarehe hiyo, majira ya saa tano kasoro asubuhi, hali ya hewa ikiwa ya mawingu kiasi, nilifika katika nyumba yenye mlango wa bluu." Na mwisho kabisa alikuwa ametia sahihi, akaacha nafasi ya shahidi.

Mshauri alisoma zote bila kucheka, jambo lililomgharimu. Akaziweka mezani.

"Umeandika vizuri. Nimejua saa, barabara, hata mawingu. Sasa wewe uko wapi humu?"

"Nipo hapo, mama. 'Askari aliyefika eneo la tukio.'"

"Na huyo askari alijisikiaje?"

"Hilo halikuulizwa," Hodi akajibu, na alikuwa hatanii.

"Basi mimi naliuliza."

Alikunywa maji glasi nzima. Halafu akasema alichokuwa hajamwambia mtu, kwamba anaijua idadi ya milango aliyobisha. Mia mbili na kumi na moja. Kwamba anakumbuka rangi za milango, ipi ilikuwa na kengele, ipi ilikuwa na viatu vya watoto nje. Kwamba akipita mtaa fulani anazunguka kilomita nzima asiuone mlango fulani, na mji umeshamwishia njia. Alisema mpaka shati likalowa mgongoni, na alipomaliza akaona aibu, akatafuta kofia aondoke.

"Kaa kidogo," mshauri akamwambia. "Kichwa chako hakijaharibika. Kimefanya kazi ya watu kumi kwa miaka kumi na saba bila zamu ya kupumzika. Hata gari lenu la doria mnalipeleka gereji."

"Gari letu halijapelekwa miaka miwili," Hodi akasema.

"Na linakwendaje?"

"Linasukumwa."

Wakacheka wote wawili, na kile kicheko chake Hodi alikisikia kama sauti ya mtu aliyepotezana naye zamani. Siku ile alipewa mambo ya kufanya, na kwa kuwa ni mtu wa amri aliyafuata kama amri. Sare aivulie kituoni, asiingie nayo nyumbani. Atembee nusu saa kwa miguu kila siku. Arudi kwenye drafti. Ampigie binti yake simu mara moja kwa siku, na kwanza amuulize habari za masomo. Na juu ya yote akapewa barua ya kumpelekea mkuu wa kituo: wiki sita asitumwe kupeleka habari ya kifo kwa mtu yeyote.

Mkuu wa kituo hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa safi, mchapakazi, meza yake kila kitu kimepangwa kwa mstari, lakini alikuwa hajaenda mlangoni kwa mfiwa yeyote kwa miaka kumi na miwili. Aliisoma barua, akaikunja, akaitia kwenye droo.

"Sisi enzi zetu tulijikaza, stafu."

"Hata mimi nimejikaza, afande. Miaka kumi na saba."

"Sawa. Tutaliangalia," mkuu akasema, akafunga droo.

Wiki nne zilikwenda vizuri. Hodi alimfundisha koplo mmoja, dada makini asiye na maneno mengi, na akamwekea sharti ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kulipata: wasiende chini ya wawili, na wakirudi wakae mahali waongee kabla ya kushika kazi nyingine. Wenzake walimuita "network imekata" kwa siku mbili tatu, akawajibu kwamba network yake sasa ina mnara wake hospitali, wao wanategemea wa kantini. Wakachoka. Nyumbani alilala saa tano mfululizo kwa mara ya kwanza tangu hakumbuki lini. Alimfunga jirani drafti sita kwa mbili, akazunguka na habari hizo kota nzima kama mtoto. Siku moja akamkuta mkewe anamtazama huku ameacha kushona.

Wiki ya tano, Jumatano asubuhi, mkuu akamwita.

"Stafu, kuna mlango."

Kijana fundi wa umeme alikuwa ameanguka kutoka kwenye nguzo, amefia njiani kwenda hospitali. Mama yake anaishi kilomita tatu kutoka pale, bado hajui. Yule koplo alikuwa mahakamani kutoa ushahidi, mwenzake likizo.

"Afande, kuna barua," Hodi akasema.

"Barua naijua. Na wewe unajua watu wanavyopiga picha siku hizi. Yule mama anaweza kuliona jambo hili kwenye simu ya jirani wakati wowote. Unataka hivyo?"

Hakutaka hivyo. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba mkuu alikuwa anasema kweli. Alimwona yule mama ambaye hamjui, pengine anaanika nguo, na akaona namna ambavyo angelisema jambo lile kwa upole kuliko mtu yeyote wa kituo kile. Miguu ilikuwa imeshageuka nusu kuelekea mlangoni. Akamwona na mkewe sakafuni kati ya mashati.

"Hapana, afande. Siendi."

Mkuu aliinua uso taratibu. "Hiyo ilikuwa amri. Unajua cheo chako bado kiko kwenye majaribio?"

"Najua, afande."

"Na bado unakataa."

"Nikienda leo nitaifanya vizuri sana, afande. Nitarudi nikwambie imekwenda vizuri, na kesho utanituma tena. Hiyo ndiyo shida yangu." Sauti yake haikutetemeka, mwenyewe akashangaa. "Yule mama anahitaji kuambiwa na mtu mzima mwenye heshima, sasa hivi. Mwingine hapa kituoni simwoni ila wewe. Nakuandikia hatua za kufuata."

Akachukua karatasi hapohapo mezani, akaandika mistari sita, akaisukuma mbele ya mkuu wake. Mkuu aliiangalia ile karatasi, akamwangalia yeye, akainuka, akaitia mfukoni. Alichukua ufunguo wa gari bila kumwita dereva, akatoka.

Kaunta nzima ilikuwa imesikia. "Stafu, hapo umemwaga unga," mmoja akamwambia kwa huruma. Hodi akavuta kitabu cha matukio, ambamo kila jambo la kituo lazima liingie, akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: saa nne na dakika kumi, stafu sajini amekataa amri halali ya mkuu wa kituo. Akatia jina lake na sahihi yake. Wenzake waliona ni wazimu, mtu kujiandikia kesi mwenyewe, lakini yeye alikuwa ameandika makosa ya watu maisha yake yote na hakuona kwa nini lake lirukwe.

Kisha akatoka nje akampigia mkewe.

"Nimeitwa mlangoni."

Upande wa pili cherehani ikanyamaza. "Halafu?"

"Sikwenda. Huenda cheo kikarudi kilikotoka."

Halafu akaisikia cherehani ikianza tena, kwa kasi yake ya kila siku.

"Ukirudi pitia sokoni," mkewe akasema. "Nyanya zimekwisha."

Mkuu alirudi saa saba kasoro. Gari likaingia, likaegeshwa kivulini kando ya ukuta, na hakushuka. Dakika kumi zikapita, zikafika ishirini, injini inanguruma bure. Kwenye kaunta kila mtu akajifanya ana shughuli. Hodi alichota glasi ya maji, akaenda, akafungua mlango wa abiria akaketi. Mkuu alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili, ile karatasi imelala pajani, imekunjwa na kukunjuliwa mpaka imeanza kuchanika.

Hodi alimpa maji. Akayanywa.

"Nimekaa naye mpaka dada yake alipofika," mkuu akasema.

"Umefanya vyema, afande."

"Nilijiandaa kwa kilio. Njia nzima nilikuwa najiandaa kwa kilio." Akapangusa mdomo. "Hakulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanishika mkono. Nimetoka kumwambia mwanawe amekufa, stafu, na yeye ananiambia asante, mwanangu, kwa kuja mwenyewe. Akaniuliza kama nimekula."

Macho yake yalikuwa yamejaa, na mtu yule wa meza safi hakujua pa kuyapeleka. Hodi alitazama mbele ukutani ili asimwaibishe. Milango mia mbili na kumi na moja yote alikuwa ameshamweleza mshauri, mapigo, matusi, waliozimia. Hili la shukrani alikuwa amelificha hata kwa huyo mshauri.

"Wanaolia utawasahau, afande," akasema. "Wanaoshukuru ndio hawatoki. Hilo mimi bado sijamwambia mtu. Nitalisema kesho."

Mkuu akazima injini. Wakakaa kwenye gari lile lenye joto, wanaume wawili wa sare, mchana kweupe, kila anayepita anawaona.

"Hiyo kesho," mkuu akasema baadaye, "ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Anaweza kutuona wawili?"

"Kule ndani wanaingia mmoja mmoja, afande," Hodi akamjibu. "Ila benchi la kusubiri linatutosha."